Saa Moja Ndani ya Koti la Lyle

Wazo lilikuwa la Mwalimu Toner. Aliwasimamisha wanafunzi wake kumi na wanne juu ya ukuta wa kale unaouzunguka mji wa Derry, karibu na mizinga, manyunyu yakimlowesha miwani, akawaambia wabadilishane makoti ya shule.

"Fasihi ni nini, jamani? Ni kuvaa maisha ya mtu mwingine," akasema, na ilionekana amependezwa na alivyosema. "Basi leo mtayavaa kwelikweli. Kila Mkatoliki na Mprotestanti wake. Chagueni mtaa mmoja, tembeeni, kisha kila mtu aandike ukurasa mmoja kana kwamba yeye ndiye mwenye koti. Saa saba kamili tunakutana hapa hapa."

Watoto wale walitoka katika mji mmoja mdogo wa jimbo la Tyrone wenye shule mbili, moja upande huu wa barabara, nyingine upande ule. Waliochagua fasihi walikuwa wachache mno kila upande, ndiyo maana wakachanganywa darasa moja. Mwalimu Toner mwenyewe alikuwa kijana wa huku huku, miaka ishirini na sita, lakini alikuwa amesoma Manchester miaka minne, na Manchester ilikuwa imemtoa akili ambayo kwetu hata mtoto wa chekechea anayo: ukishuka basi kwenye mji wa watu, nembo ya shule unaifunika. Koti la kijani ni Mkatoliki. Koti la bluu ni Mprotestanti. Hakuna anayekuuliza jina, anakusoma kifuani tu, kisha anaamua akusalimie au akutafute na jiwe.

Hakuna mwanafunzi aliyebisha. Walikuwa na miaka kumi na saba, wametoka darasani siku nzima, na kuvaa koti la upande wa pili kulikuwa utundu ambao safari hii mwalimu mwenyewe ameuruhusu. Walicheka, wakavuana makoti, wakapigana picha.

Grania Devenney, Mkatoliki, alipangwa na Lyle Wauchope, Mprotestanti. Hawakuwa wapenzi, ingawa darasa zima lilishaamua kwamba ni wapenzi na lilikuwa likisubiri wao tu wapate habari. Walichokuwa nacho ni ubishi. Huyu akisema shairi ni la huzuni, yule atasema ni la hasira, na watabishana mpaka kengele. Msichana alikuwa mrefu, mvulana mwembamba, kwa hiyo makoti yakawakaa.

"Vifungo vyako viko upande wa kike," Lyle akalalamika.

"Basi leo wewe ni mwanamke. Tembea vizuri."

"Nitakuwa mrembo kukuzidi, utalia."

Lyle alitaka kumwonyesha mtaa aliozaliwa bibi yake. Ulikuwa chini ya ukuta, nyumba za matofali zilizobanana, kingo za barabara zimepakwa rangi za Waprotestanti, nyekundu, nyeupe na bluu, kila mwaka tangu enzi za babu zao. Grania akasita kwenye ngazi.

"Kule chini? Lyle, kule si kwetu."

"Si uko na mimi? Tena umevaa bluu. Nani atakugusa? Kule ni kwetu, mtoto wa kike. Twende."

Hapo ndipo walipokosea, wote wawili. Grania alikuwa na hofu ya nafsi yake mpaka hakumtazama Lyle amevaa nini. Lyle alikuwa anakwenda alikozaliwa bibi yake, na mtu anayekwenda kwa bibi yake hajitazami kifuani. Wakashuka ngazi, Lyle mbele, koti la kijani likiwa limefungwa mpaka kifungo cha juu kwa sababu ya baridi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni. Mwisho wa mtaa, kwenye kiwanja, lundo la mbao na matairi lilikuwa limeanza kupanda kwa ajili ya moto wa sikukuu yao ya Julai. Kila mtaa wa Kiprotestanti una lundo lake, na kila lundo lina walinzi wake, vijana wanaolala hapo kwenye makochi mabovu ili watu wa upande wa pili wasije wakaliwasha kabla ya siku yake. Hakuna aibu inayouzidi moto uliowashwa mapema na adui. Na siku mbili kabla ya safari ile ya fasihi, nusu ya lundo la mtaa huu ilikuwa imechomwa. Mbao zilizobaki zilikuwa bado zinanuka moshi.

Lyle alimwonyesha mlango wa nyumba alimozaliwa bibi yake, uliokuwa mlango tu kama mingine. Halafu akatoa daftari, akasimama mbele ya lundo, akaanza kuandika. Mtu akapiga mluzi.

Walitokea wanne nyuma ya matairi. Aliyetangulia alikuwa na miaka kama ishirini, fulana tu kifuani, nyundo ya kung'olea misumari mkononi. Wenzake walimwita Mervyn. Wa pili alikuwa na nywele nyeupe za kuzaliwa nazo, wakimwita Snowy, na ubao begani. Wawili wengine Grania hakupata kujua majina yao, hata baadaye.

"Umepotea, bwana mdogo?" Mervyn akauliza.

Lyle akatabasamu. Alitabasamu, maskini, kama mtu aliyefika kwa shangazi. "Hapana, bibi yangu ali..."

Ubao wa Snowy ukamkata sikioni. Sauti ya pigo ilikuwa ndogo, kavu. Lyle akapiga goti moja, daftari likaruka likaangukia kwenye dimbwi, na damu ikaanza kumtoka sikioni ikishuka kwenye ukosi wa kijani.

"Wewe dada, sogea huku," Mervyn akamwambia Grania. Alimshika mkono taratibu, kwa adabu kabisa, akamweka kando karibu na ukuta. "Alikuwa anakusumbua huyu?"

Grania akaushika ukosi wa koti la bluu.

"Juzi wametuchomea nusu ya mali," Snowy akasema, "leo wanatuma mwingine, mchana kweupe, na daftari. Anatuchorea ramani!"

"Ngojeni," Lyle akasema, kiganja sikioni. "Ngojeni kidogo, wazee, mmekosea. Mimi ni..."

"Funga domo. Unajua ningefurahi nini?" Mervyn alikuwa anaizungusha nyundo. "Ungekuja na demu wako wa Kikatoliki. Yule tungemnyoa kipara hapa hapa na kumwaga ndoo ile kichwani." Akaonyesha kwa kidevu. Kando ya barabara palikuwa na ndoo ya rangi ya bluu ya kupakia kingo, brashi ndani. "Mwaka jana tulimfanyia mmoja. Aliita mama yake mpaka sauti ikakauka. Au siyo, Snowy?"

"Rangi ilimwingia machoni," Snowy akasema. "Sijui kama aliona tena."

Lyle akamtazama Grania. Ilikuwa mara moja tu, chini ya mkono wa mtu, lakini Grania alielewa yote yaliyokuwamo. Lyle alikuwa amebakiza neno moja tu la kujiokoa, na neno hilo lingemfikisha Grania kwenye ndoo. Lyle akafumba mdomo.

"Haya, wewe ni nani?" Mervyn akauliza.

"Cathal," Lyle akasema. "Cathal Devenney."

Cathal alikuwa mdogo wake Grania, mtoto wa miaka tisa ambaye Lyle alimwona mara moja kwenye sherehe ya shule. Snowy akamkunjua ukosi kutazama kitambaa cha jina, kile ambacho mama zetu wote hushona ndani ya makoti ili tusiibiwe.

"G. Devenney. Imeandikwa G hapa."

"Koti la dada yangu."

Wakaangua kicheko. "Mpaka vifungo ni vya kike!" Snowy alijipiga paja. "Wanavalishana magauni huko kwao!"

"Na wewe dada, ni wa nani?" Mervyn akamgeukia Grania. Kwanza akafuta kidole chenye damu kwenye suruali, ndipo akamkunjua ukosi. "Wauchope. Kina Wauchope wa Tyrone? Si mna mpiga ngoma kwenye bendi? Agosti huwa mnaandamana nasi hapa."

Grania akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyemshikia kisu. Alitikisa mwenyewe.

"Basi uko salama," Mervyn akasema. "Uko kwa ndugu zako. Tazama pembeni kama damu inakusumbua."

Wakamwanza Lyle. Nimesikia watu wakisimulia kipigo kile kama ugomvi, na mimi huwa nakasirika, kwa sababu ugomvi una pande mbili. Hapa kulikuwa na mmoja chini na wanne juu. Walimpiga mateke ya mbavu kwa zamu, bila haraka, wakipumzika na kurudia. Snowy alitumia ubao mpaka ukavunjika, akaenda kuchagua mwingine, akaupima uzito, akaukataa, akachukua wenye msumari. Msumari uliingia kwenye paja na haukutaka kutoka, akaukanyaga mguu wa Lyle ili auvute. Lyle alikuwa anajikunja, anaficha kichwa, na kila alipokificha kichwa walimpiga mgongo, na alipokinga mgongo walimpiga uso. Jino likatoka likabaki limenata kwenye shavu lake.

Lyle hakusema yeye ni nani. Hilo ndilo Grania aliloshindwa kulitazama na ndilo alilolitazama. Kila pigo lilimpa Lyle nafasi ya kusema, na kila mara aliiacha ipite.

"Mkono gani mnawashia kiberiti?" Mervyn akauliza. Alikuwa amechuchumaa. "Wa kulia? Shikeni wa kulia."

Wale wawili wakaukalia mkono, kiganja kikawekwa juu ya ukingo wa barabara, kwenye rangi nyeupe. Nyundo ikashuka. Lyle alipiga ukelele ambao mlango mmoja mtaani ulifunguka kwa ajili yake, kisha ukafungwa. Vidole viwili vilikuwa vimekaa upande ambao vidole havikai.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna," Lyle akasema. Alikuwa analia waziwazi, makamasi na damu. "Hakuna aliyenituma. Mimi ni Cathal."

Nyundo ikashuka tena, mara hii kwenye kifundo. Lyle hakupiga kelele. Macho yaligeuka juu, kichwa kikalala kwenye dimbwi, akazirai.

"Muacheni!"

Grania alisikia sauti kabla ya kujua ni yake. "Muacheni! Si yeye! Mimi ndiye Devenney, mimi ndiye Mkatoliki! Huyo ni Lyle, ni Mprotestanti, ni mwenzenu, huyo ndiye mpiga ngoma wenu wa Agosti! Tumebadilishana makoti! Mwalimu ametuambia tubadilishane makoti!"

Wakageuka wote wanne kumtazama. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kwenye matairi. Kisha Snowy akacheka.

"Mwalimu kawaambia mbadilishane makoti? Hapa Derry? Mwalimu gani huyo mwendawazimu?"

Na nani angemlaumu? Mtu wa huku angeamini ng'ombe amepanda mnara wa kanisa kabla ya kuamini hilo. Grania akalivua koti la bluu, akalitupa kwenye tope. Akatafuta kitu ambacho Mprotestanti hawezi kuwa nacho, akakipata, akapiga magoti barabarani na kuanza kwa sauti.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote..."

Alisali mpaka amina bila kukosea, kama alivyosali kila jioni tangu utoto. Alipoinua macho, uso wa Mervyn ulikuwa umebadilika. Hakukuwa na dhihaka tena. Kulikuwa na uchungu, uchungu wa kweli.

"Mmeona?" Mervyn akawaambia wenzake. "Amemfundisha mpaka sala zao. Msichana wetu, binti wa bendi, amepigishwa magoti. Yuko tayari kusema lolote kwa ajili ya huyu mbwa."

"Hapana! Nisikilize! Mimi..."

"Dada, nyamaza. Si kosa lako."

Akarudi kwa Lyle akiwa na hasira ambayo mwanzoni hakuwa nayo. Mwanzoni alikuwa analinda mbao. Akampiga teke la kichwa, kichwa kikagonga ukingo, kikarudi. Akampiga la pili. Halafu akasimama juu yake miguu huku na huku, akaishika nyundo kwa mikono miwili, akaiinua.

Turubai la kufunikia mbao lilikuwa limekandamizwa kwa matofali. Grania alichukua moja, nusu tofali, lenye ncha. Hakukimbia. Alitembea hatua nne akampiga Mervyn nyuma ya sikio kwa nguvu zake zote. Nyundo ikaanguka kwanza, kisha mwenye nyundo. Alianguka kifudifudi juu ya Lyle, na Grania akamvuta nywele ili ampate vizuri, akampiga tena, na tena, mpaka tofali likawa linateleza mkononi. Alikuwa anasema kitu huku anapiga. Baadaye mwanamke mmoja wa mtaa aliwaambia polisi kwamba ilikuwa ile sala.

Hakuna aliyemgusa. Vijana watatu walisimama pale na mbao zao, na hata mmoja hakuinua mkono, kwa sababu kwao yeye alikuwa bado Wauchope.

"Dada, vipi?" Snowy alikuwa anakaribia kulia. "Sisi tulikuwa tunakutetea wewe!"

Grania akamtupia tofali. Lilimpata kinywani. Wakakimbia, na mwanamke yule akatoka nje kwa mayowe na taulo mbili, akasimama katikati ya barabara asijue aanze na nani.

Saa saba na robo Mwalimu Toner alikuwa bado anahesabu watu juu ya ukuta, akisaka koti moja la kijani na moja la bluu. Alipoona gari la wagonjwa likigeuka mtaani, aliteremka ngazi mbio. Alipowaona, alitapika. Hakurudi darasani tena, na sijui alikwenda wapi.

Mervyn alipona, akabaki na ulimi mzito, na akapelekwa jela. Lyle alivunjika mbavu tano, akawa hasikii kwa sikio moja, na mkono wake ukatiwa vyuma, madaktari wakasema watauita mkono kwa heshima tu. Na Grania akawa shujaa. Gazeti liliandika kwamba msichana Mkatoliki amemwokoa kijana Mprotestanti. Mkuu wa shule ya Lyle alimwandikia barua kwa wino. Padri alimtaja kanisani, na wiki hiyo hiyo mchungaji naye alimtaja, jambo ambalo mji ule haukumbuki kuliona. Wanawake walimsimamisha dukani kumshika mashavu. Grania aliwaacha wamshike. Alikuwa halali usingizi, hali chakula, lakini aliwaacha.

Siku ya nne akaenda hospitali. Mama yake Lyle, Bi. Hilary, mke wa mkulima mwenye mikono mikubwa ambaye maishani mwake hakuwahi kumwingiza Mkatoliki jikoni kwake, alimwona mlangoni, akainuka, akamkumbatia mpaka miguu ikaning'inia.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu wee. Bila wewe leo ningekuwa nazika. Kaa. Kaa kiti changu." Akamkalisha, akabaki amemwekea mkono begani.

Lyle alikuwa na jicho moja lililofunguka. Aligeuza kichwa ili sikio zima lielekee upande wake.

"Wamenisomea gazeti," akasema. Alisema polepole, kwa sababu ya midomo. "Nimekuwa maarufu kwa kupigwa. Shairi hilo utaliita la huzuni."

"La hasira," Grania akasema, na karibu acheke, na karibu alie.

"Mimi sikumbuki mwisho. Nakumbuka nyundo ya kwanza. Baada ya hapo giza." Akapumzika. "Gazeti linasema uliwaambia wewe ni nani, hawakuamini. Uliwaambia lini? Mimi sikukusikia. Nilikuwa nasikiliza."

Bi. Hilary akamfinya bega kwa upendo. Ingekuwa rahisi kudanganya. Pale chumbani hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwepo siku ile. Angeweza kusema alipiga kelele tangu mwanzo na sikio lilikuwa limeshaumia. Mama angemwamini, Lyle angemwamini, na mji mzima ulikuwa umeshaamini bila kuulizwa.

"Baada ya nyundo ya pili," Grania akasema.

"Ya pili."

"Ulikuwa umeshazirai."

"Nilipojiita Cathal, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na waliponishika mkono?"

"Nilikuona. Nilikuwa karibu kama hapa na kitanda hicho. Hawakunishika, Lyle. Hakuna aliyenizuia."

Mkono ulikuwa bado begani mwake lakini haukuwa tena na uzito. Lyle alimtazama kwa lile jicho moja, muda mrefu, bila chuki, kama alivyokuwa akimtazama darasani akitaka amalize hoja yake.

"Ulikuwa unafikiria nini?" akauliza.

Grania alitaka kusema alikuwa hafikirii kitu. Hata hilo lingekuwa uongo.

"Nywele zangu," akasema.

Bi. Hilary akauondoa mkono. Akaenda mlangoni, akaufungua, akasimama ameushikilia, macho yake yakiwa sakafuni. Lyle alikuwa amekigeuza kichwa, akalalia lile sikio zima. Grania akainuka kwenye kiti, akatoka.